Kodi ya Kiti

Risiti ilikuwa na urefu wa kiganja. Juu jina la mgahawa, chini yake chipsi kuku moja, soda moja, kodi ya ongezeko la thamani, jumla. Na mwisho kabisa, chini ya "Karibu tena", herufi na tarakimu nane zilizopangwa bila maana yoyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa nywila ya Wi-Fi. Nasema nywila kwa kuwa kamusi inaniagiza hivyo. Pale kaunta sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo. Watu huomba "pasiwedi", nao hupewa.

Nikaiandika, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikamwita mhudumu.

"Dada samahani, hii ya tatu ni sifuri?"

Akaitazama ile karatasi kwa subira ya mtu aliyeulizwa swali hilo tangu asubuhi. "Hapana kaka, hiyo o ya Omari. Sifuri ni ile ya mwisho."

Kwa macho yangu Omari na sifuri walikuwa pacha, lakini simu iliwatofautisha. Ukurasa ukafunguka, ukanikaribisha, ukaniomba jina, namba ya simu na barua pepe, kisha ukanitangazia kwamba nina dakika 60 za intaneti ya bure. Neno "bure" lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu. Nilikuwa bado nimeshika chenji.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Dakika 60 kwa mtu aliyenunua kuku ni kama kupimiwa maji ya kunawa. Lakini nimelifikiria sana neno lile jekundu tangu siku hiyo, na nimeishia mahali ambapo sikutarajia: leo naitetea ile risiti. Ili nieleze sababu, inabidi kwanza tuangalie mgahawa huuza nini unapobandika alama ya Wi-Fi mlangoni. Ninavyoona mimi, biashara yenyewe ni ya viti. Intaneti ni kishawishi kilichowekwa juu ya meza, kando ya chupa ya tomato.

Wi-Fi haikuanza kama sadaka. Kiwango cha kiufundi kilichoizaa kilitolewa mwaka 1997. Jina likaja mwaka 1999, nalo lilibuniwa na Interbrand, kampuni ambayo kazi yake ni kutunga majina ya bidhaa. Wengi hudhani ni kifupi cha maneno fulani mazito. Si kifupi cha chochote. Lilichaguliwa kwa sababu linatamkika vizuri, kama Shabani ambaye hakuzaliwa mwezi wa Shabani. Miaka ya mwanzo migahawa iliuza huduma hiyo kama inavyouza mkate. Mwaka 2002 Starbucks ilishirikiana na kampuni ya simu ya T-Mobile kuiweka katika maduka yake zaidi ya elfu moja, na mteja akaulipia muda wa intaneti kando na kahawa. McDonald's ya Marekani ilifika mahali ikatoza dola 2.95 kwa saa mbili. Kisha, Januari 2010, ikaitoa bure katika migahawa yake ipatayo 11,500 nchini humo. Starbucks ya huko ikafuata Julai mosi mwaka huohuo.

Hakuna aliyeshukiwa na roho ya ukarimu. Kilichobadilika ni hesabu. Laini ya intaneti hulipiwa kwa mwezi, iwe imetumiwa na mtu mmoja au hamsini. Kuiuza kwa saa kunataka kadi, mfumo wa malipo, na mtu wa kusikiliza malalamiko ya mteja ambaye saa zake mbili zimekwisha kabla ya barua pepe yake kufunguka. Upande mwingine, McDonald's ilikuwa imetoka tu kuzindua vinywaji vyake vya McCafé nchi nzima, mwaka 2009, ikiwamezea mate wateja wa Starbucks. Mla baga hula akaondoka. Mnywa kahawa hukaa, na anayekaa hutaka kitu cha kushughulisha mikono.

Hapo ndipo kiti kinapoingia. Kiti kitupu saa tisa alasiri ni hasara iliyokaa kimya. Chakula cha mchana kimekwisha, cha jioni bado. Wapishi wapo, taa zinawaka, kiyoyozi kinanguruma, na mwenye jengo anataka pango lake palepale. Mtu mwenye laptopu na kikombe kimoja cha kahawa, saa hiyo, ni baraka. Amejaza nafasi, na mpita njia akichungulia huona pana watu, naye huingia. Lakini kiti hichohicho saa saba mchana kina wenyewe. Watu wanne wamesimama mlangoni na njaa zao, na pale dirishani yupo yuleyule wa tangu saa nne, kikombe kimekauka, anarekebisha bajeti ya mradi ambao mwenye mgahawa hana hisa ndani yake.

Wahenga walishalimaliza suala hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kuwa mgahawa hauna shamba, majembe yake yamekuwa ya namna nyingine. Panera Bread ya Marekani ilitoa Wi-Fi ya bure miaka kadhaa kabla ya McDonald's, ndiyo maana iliwahi pia kuona madhara yake: baadhi ya matawi yake yaliweka kikomo cha dakika 30 wakati wa chakula cha mchana. Wengine huziba soketi za umeme. Wengine hupandisha muziki. Wengine hununua viti ambavyo mifupa haivivumilii zaidi ya dakika arobaini. Na wapo wanaomtuma mhudumu kuja kufuta meza ambayo ni safi. Mhudumu anayekuja mara ya tatu na "Nikuongezee nini, kaka?" ametumwa na kiti.

Mwenye shaka kwamba kiti ndicho kiini cha habari na aangalie yaliyotokea Flushing, mtaa wa Queens, jijini New York, mwaka 2014. Katika tawi moja la McDonald's, wazee wenye asili ya Korea walikuwa wakifika asubuhi, wananunua kahawa au chipsi kidogo, na kupiga soga mpaka jua linazama. Ukutani kulikuwa na tangazo la dakika 20. Mgahawa ukaita polisi. Wazee wakatolewa, wakazunguka mtaa, wakarudi. Mgogoro ulifika kwenye magazeti makubwa, na mwisho ukasuluhishwa kwa wazee kukubali kupisha saa za msongamano. Wazee wale hawakuwa wamefuata intaneti. Hakuna laptopu iliyotajwa. Walitaka mahali pa kukaa pamoja, na kahawa ilikuwa njia ya bei nafuu ya kupata hicho. Ukiiondoa Wi-Fi kwenye hadithi, mvutano unabaki vilevile.

Tukio la pili ni zito zaidi. Aprili 2018 vijana wawili weusi walikamatwa katika Starbucks moja ya Philadelphia. Walikuwa wamekaa wakimsubiri mtu wa mazungumzo ya biashara, na hawakuwa wamenunua kitu bado. Katika duka la aina ile, kukaa ukimsubiri mwenzako kabla ya kuagiza ni jambo la kila saa. Sheria ya "nunua au ondoka" ilikuwapo hewani kwa kila mtu, ila iliwashukia wawili. Kampuni ikaomba radhi, ikafunga maelfu ya maduka kwa alasiri moja ili kuwafundisha wafanyakazi, na kutangaza kwamba yeyote anaweza kukaa hata asiponunua. Haikufika miaka saba: Januari 2025 ikatangaza kwamba katika maduka yake ya Amerika Kaskazini, kukaa na kutumia choo ni haki ya wateja.

Mtu anaweza kuicheka kampuni kwa kugeuka hivyo. Mimi naona imekiri jambo. Kiti kina bei hata pale isipoandikwa, na ikiwa haikuandikwa, hukadiriwa kwa kumtazama mtu usoni.

Hapa kwetu tunalijua hilo bila kusoma habari za Philadelphia. Kaa saa mbili katika mgahawa wowote wa Masaki au Mikocheni, Dar es Salaam, uangalie. Mgeni mwenye ngozi nyeupe na kompyuta ya rangi ya fedha anaweza kukaa na kapuchino moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mhudumu atampitia kwa tabasamu kuuliza kama intaneti inakwenda vizuri. Kijana wa chuo aliyevaa ndala, amenunua maji ya chupa, ataulizwa kama anamsubiri mtu. Wote wawili wameketi kwenye viti vya aina moja, wanatumia ruta moja. Meneja hana maandishi yoyote ya kumtuma mhudumu kufanya hivyo, na huo ndio ubaya wake: pasipo maandishi, kila mtu hutumia kipimo alichokuwa nacho kichwani kabla ya kuingia kazini.

Linganisha na intaneti kafe zetu za zamani. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ukitua Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya pwani ya mashariki, intaneti yetu ilipita angani kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Uliingia chumba chembamba chenye kompyuta kumi na feni moja. Bei ilibandikwa ukutani: nusu saa kiasi hiki, saa nzima kiasi hiki. Saa ilihesabu kwenye kona ya kioo, na dakika zikiisha skrini ilijifunga hata kama ulikuwa katikati ya sentensi ya mapenzi. Hapakuwa na adabu pale. Lakini ile saa ya kwenye kona haikujua nani amevaa ndala.

Kisha mkongo ukashusha bei, simu janja zikaenea, na intaneti kafe nyingi zikageuka vibanda vya kuchapisha, kutoa nakala na kujaza fomu za serikali. Kazi ya kukalisha watu ikahamia migahawani. Nairobi ilikuwa na Java House tangu 1999, na mikahawa ya aina hiyo ikawa ofisi ya pili ya wanahabari, washauri na watu wa mashirika. KFC ikafungua Nairobi mwaka 2011, Dar es Salaam 2013. Maduka ya kuku, piza na baga yakaongezeka, na karibu kila moja likabandika ile alama ya mawimbi matatu. Bei ikatoka ukutani ikaingia kwenye sura za watu.

Mtu atauliza: kwa nini bado tunaihitaji, wakati kila mmoja ana bando? Muulize mwenye kazi nzito. Bando humtosha anayesoma ujumbe na kuangalia matokeo ya mpira. Kijana anayepakia video ya dakika kumi, fundi wa simu anayeshusha programu ya kufufua simu ya mteja, mwanafunzi anayeambatisha vyeti vyake kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu siku ya mwisho, mama mwenye mkutano wa video na mteja wa nje: hao hupiga hesabu ya ma-MB kama wanavyopiga hesabu ya nauli. Kwao saa moja ya Wi-Fi kwa bei ya chipsi ni nafuu, na chipsi juu yake.

Ikiwa inakwenda, yaani. Hapa inafaa nimtetee kidogo mwenye mgahawa, maana lawama nyingi za spidi humwangukia bila haki. Vijiti vya Wi-Fi vinavyojaa juu ya kioo cha simu hueleza jinsi simu inavyosikilizana na ruta iliyo dukani. Havielezi kama ruta yenyewe inasikilizana na dunia. Unaweza kuwa na vijiti vyote na usifungue hata picha moja, kama vile unavyoweza kusimama karibu kabisa na bomba lisilo na maji.

Hata pale maji yapo, Wi-Fi ni redio, na redio ina nidhamu ya barazani: anaongea mmoja, wengine wanasubiri. Simu thelathini zikiwa kwenye chaneli moja, hupokezana kwa zamu za sehemu ndogo sana za sekunde. Simu ya zamani iliyo mbali, kule karibu na choo, hupeleka data yake polepole, na wakati huo inashika zamu kama mzee anayesimulia kwa kituo. Vijana wote wenye simu mpya husubiri amalize. Katika masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, nazo hugawanywa na saluni ya jirani, duka la dawa na benki ya ghorofani. Kisha ongeza jiko. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa ya karibu 2.45 GHz, na haijafungwa kiasi cha kutovuja hata kidogo. Mgahawa ni mahali pa pekee ambapo mtu akiagiza supu ipashwe moto, barua pepe ya mwenzake huchelewa.

Kwa hiyo, ushauri wa bure, nikilitumia neno hilo kwa tahadhari: kaa mahali unapoiona ruta kwa macho, mbali na dirisha la jikoni, ukiona mtandao una majina mawili, chagua ule ulioandikwa 5G, ambao ni masafa ya 5 GHz wala hauhusiani na 5G ya kampuni za simu, na kazi nzito ifanye saa tisa alasiri, wakati kiti chako ni baraka.

Limebaki suala la usalama, ambalo watu hulijadili kwa hofu ya mwaka 2010. Wakati ule hofu ilikuwa na haki yake. Oktoba mwaka huo Mmarekani Eric Butler alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep, iliyomwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye Wi-Fi isiyo na ulinzi kubonyeza tu na kuingia katika akaunti ya Facebook ya aliyeketi meza ya pili. Alisema lengo lake ni kuzilazimisha kampuni kufunga milango. Milango ikafungwa: tovuti zikahamia mawasiliano yenye usimbaji, na tangu mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti vya usimbaji bila malipo, kiasi kwamba hata blogu ya mapishi ina kufuli. Jirani yako leo hawezi kusoma unachoandika benki. Mwenye mtandao anaweza kujua umetembelea benki gani; alichosema karani wako hakijui.

Hatari iliyobaki ni ya kawaida zaidi. Ipo ya mtandao bandia wenye jina linalofanana na la mgahawa, na dawa yake ni kumuuliza mhudumu jina halisi. Ipo ya kuombwa kusakinisha kitu ili "uunganishwe", usisakinishe. Na ipo ya wenyeji wenyewe. Desemba 2017 ilibainika kwamba Wi-Fi ya Starbucks huko Buenos Aires, iliyoendeshwa na kampuni nyingine kwa niaba yake, ilikuwa ikizitumia kompyuta za wateja kwa sekunde chache kuchimba sarafu ya kidijitali kabla ya kuwafungulia intaneti. Mteja alilipia kahawa kwa pesa, na intaneti kwa jasho la mashine yake.

Lakini iliyo kubwa kuliko zote huwa tunaijaza wenyewe kwa vidole viwili: jina, namba ya simu, barua pepe. Miezi kadhaa baada ya ule mlo wangu niliendelea kupokea ujumbe wa ofa za kuku vipande nane, ikiwemo mmoja uliofika alfajiri, siku ya kufunga. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Msingi wa sheria hizo ni mwepesi kueleza: anayechukua taarifa zako akwambie anazitaka za nini, na asizitumie kwa lingine. Mgahawa unaoomba namba yangu ili kunifungulia intaneti, kisha ukaitumia kunitangazia mapaja ya kuku, umenipandishia bei baada ya kunipa risiti.

Bei isiyoandikwa, tena. Ndilo jambo lilelile.

Na wapo ambao bei hiyo haiwafikii kabisa kwa kuwa wako nje ya ukuta. Marekani ililiona hilo kwa aibu Agosti 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, ilipoenea picha ya wasichana wawili wadogo wameketi chini, kwenye lami ya nje ya Taco Bell moja mjini Salinas, California, laptopu mapajani, wakifuata masomo kwa Wi-Fi ya mgahawa. Wilaya yao ya elimu ikawapatia kifaa cha intaneti cha nyumbani. Picha ilishtua kwa sababu ya umri wao, lakini jambo lenyewe lilikuwa la miaka mingi. Wanafunzi wa vijijini kule walishazoea kumalizia kazi za shule McDonald's maktaba ikishafungwa.

Kwetu mtu wa nje ya ukuta huwa ni kijana wa bodaboda. Mawimbi hayajui kiwanja kinaishia wapi; hupita tofali, japo yanachoka. Upande wa nyuma wa mgahawa wa ile risiti, kati ya jenereta na ndoo za taka, pana pembe ambayo simu hushika vijiti viwili. Vijana wawili watatu huegesha pale mchana. Mlinzi anawajua, huwaacha, na siku akija bosi huwaambia "wazee, jongeeni kidogo", nao hujongea. Ni utaratibu wa huruma, na unafanya kazi. Unafanya kazi mpaka siku abadilishwe mlinzi.

Nimewahi kujiambia kwamba jibu letu lipo tayari, nalo ni baraza. Mtu wa pwani alijenga benchi la mawe nje ya nyumba yake akijua fika kwamba wapita njia watalikalia. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonganisha vikombe. Ukanunua kimoja, au ukanunuliwa, ukakaa mpaka adhana. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wazee bado wanacheza bao na kunywa kahawa ya kikombe kidogo, na pametundikwa simu ya zamani yenye tangazo kwamba kupiga nje ya nchi ni bure. Simu hiyo haijaunganishwa na chochote. Watalii huipiga picha. Mimi huiona kuwa tangazo pekee la mawasiliano ya bure ambalo halijawahi kumdanganya mtu.

Lakini nisiipambe baraza. Nayo hutazama sura. Kiti chake hakina bei kwa wanaume wa mtaa wanaojuana kwa ukoo. Mwanamke aliyefungua laptopu pale angeulizwa mengi kuliko pasiwedi, na kijana mgeni angepimwa kwa macho kabla ya kikombe chake cha kwanza kupoa. Ukarimu usio na maandishi ni mzuri kwa aliyeko ndani yake.

Ndiyo maana nimerudi kwenye risiti. Dakika 60 zilizoandikwa hazimjui mzungu wala mvaa ndala. Zinamwambia mwenye mgahawa anaweza kutegemea meza yake saa saba, zinamwambia mhudumu hana haja ya kuzunguka na kitambaa, zinaniambia mimi nimenunua nini. Ningependa neno "bure" lifutwe, dakika ziwe 90 alasiri ambapo viti vipo, na namba yangu ya simu iachwe mfukoni mwangu. Hayo ni mapatano ya bei, na kupatana bei tunakuweza. Tusichokiweza, wala hakuna anayekiweza popote, ni kumdai mtu bei ambayo hatujamtajia, tukabaki wenye haki.

Siku ile dakika zangu zilikwisha faili langu likiwa limebakiza kidogo sana. Nikaagiza chai ya maziwa, nikapata risiti ya pili, safari hii sifuri mbili na hakuna Omari. Faili likaenda. Zilibaki dakika 41. Nikabonyeza sehemu ya kujitoa, nikatoka kwa mlango wa nyuma, na pale kwenye jenereta nikamkuta kijana mmoja ameinua simu juu ya kichwa kama anayetafuta kitu darini.

Nikampa karatasi. Aliigeuza pande zote mbili, akidhani ni deni.

"Ni za Wi-Fi, dogo. Zimebaki kama dakika arobaini. Zimeshalipiwa."

Akaniangalia, akaangalia mlango, akaniuliza kama mtu anaweza kuingia nazo ndani. Nikamwambia zimeandikwa hapo, anaweza. Akafikiri kidogo, akavua kofia ya pikipiki, akajifuta vumbi usoni kwa kiganja, akaingia kwa mlango wa mbele.